Ndala Mbili na Fotoni Mbili

Muhula uliopita, katika mkutano wa Klabu ya Sayansi, nilifundisha jambo lisilo kweli. Sikulifundisha kwa makusudi, lakini wasichana wengi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili waliliandika katika madaftari yao, na najua limo humo mpaka leo. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu nilisahihishe mbele ya wale wale niliowapotosha, na mbele ya walimu na wazazi wanaosoma kurasa hizi.

Ilikuwa hivi. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza, "Dada, kufungamana kwa fotoni ni nini? Nimesikia redioni kwamba ukiipima moja, wajua mara moja habari za mwenzake, hata akiwa mbali." Nami nikajibu upesi, maana nilipenda kuonekana najua. Nikasema, "Ni kama pea ya ndala. Mama akifunga ndala moja katika furushi la kwenda Mwanza, na ya pili katika furushi la kwenda Mtwara, tena afunge gizani bila kutazama, basi atakayefungua la Mwanza akakuta ya kushoto atajua papo hapo kwamba iliyokwenda Mtwara ni ya kulia. Hapana ajabu yo yote." Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaandika.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa ameketi nyuma. Hakusema neno mpaka watu walipotawanyika. Ndipo aliponiita akaniambia, "Mfano wako ni mzuri, mwanangu, tena unaeleweka. Kasoro yake ni moja tu: si kweli." Akanipa miwani ya jua na kikokotoo, akaniagiza nisirudi kwake mpaka niwe nimeona tofauti kati ya nuru ya kikokotoo na nuru ya mshumaa. Hayo niliyoyaona, na niliyojifunza baadaye, ndiyo nitakayoeleza hapa.

MIWANI, KIKOKOTOO NA MSHUMAA

Kwanza yatupasa kujua kidogo habari za nuru. Funga kamba kwenye mti, ushike ncha ya pili, kisha uitikise. Waweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au mshazari. Na kila mara wimbi huenda mbele kuelekea mtini. Nuru nayo hutetemeka hivyo, kwa kukingama njia yake. Ikitetemeka juu na chini tutaiita nuru ya wima. Ikitetemeka kushoto na kulia tutaiita nuru ya mlalo.

Miwani niliyopewa si miwani ya jua ya kawaida. Ni ile ambayo madereva na wavuvi huivaa ili kupunguza mng'ao wa barabara na wa maji. Kioo chake hufanya kazi ya kichujio: nuru inayotetemeka upande mmoja huipitisha, na ile inayokingamana na upande huo huizuia.

Tena yafaa kukumbuka kwamba nuru huja kwa vipande vidogo vidogo viitwavyo fotoni, jambo ambalo Einstein alilipendekeza mwaka 1905. Fotoni moja ikifika kwenye kichujio, ama hupita ama haipiti. Hakuna nusu ya fotoni inayopita. Basi tukisema kwamba nusu ya nuru imepita, maana yake ni kwamba kila fotoni ilikuwa na uwezekano wa 1/2 wa kupita.

Sasa fanya kama nilivyofanya mimi. Washa kikokotoo, ukitazame kwa jicho moja kupitia kioo kimoja cha miwani, na uizungushe miwani polepole. Utaona jambo la kupendeza: kwa pembe moja uso wa kikokotoo unang'aa vizuri, na ukizungusha nyuzi 90 kutoka hapo unakuwa mweusi kabisa, hata tarakimu hazionekani. Katikati, kwa nyuzi 45, unaona nusu ya nuru. Kisha tazama mshumaa kwa namna ile ile. Zungusha miwani upendavyo: mwali haung'ai zaidi wala haufifii. Kwa kila pembe ni nusu tu inayopita. (Usithubutu kulitazama jua kwa miwani hii, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.)

HALI SAFI NA HALI MCHANGANYIKO

Wataalamu husema kwamba fotoni za kikokotoo zimo katika hali safi, na fotoni za mshumaa zimo katika hali mchanganyiko. Hali ni safi likiwapo swali moja angalau ambalo jibu lake ni hakika. Kwa kikokotoo swali hilo lipo: weka kichujio katika ile pembe ya kung'aa, na kila fotoni itapita. Kwa mshumaa swali la namna hiyo halipo. Uliza kwa pembe yo yote, jibu ni nusu kwa nusu.

Hapa ndipo nilipoanza kuliona kosa langu. Chukua kikokotoo kikiwa kimeinamishwa hata nuru yake iwe ya mshazari wa nyuzi 45. Ukiweka kichujio wima, nusu inapita. Weka mshumaa mbele ya kichujio hicho hicho, nusu inapita. Mtu aliyeuliza swali hilo moja tu atasema nuru hizi mbili ni sawa, na mimi ningalisema hivyo. Lakini kizungushe kichujio nyuzi 45: nuru ya kikokotoo yote yapita, ya mshumaa bado ni nusu. Kumbe ile ya mshazari si kikapu kilichojaa fotoni za wima nusu na za mlalo nusu. Kila fotoni yake ni ya mshazari kwa hakika, na swali la kama ni ya wima au ya mlalo ndilo lisilo na jibu lililowekwa tayari.

HESABU YAKE

Wenzangu wa Kidato cha Nne ambao tumesoma matriki wanaweza kuiona tofauti hiyo kwa hesabu. Mwaka 1927 John von Neumann na Lev Landau, kila mmoja peke yake, walileta njia ya kuandika hali yo yote, safi au mchanganyiko, kwa matriki. Kwa fotoni moja matriki ina mistari miwili na safu mbili. Ya kwanza ni ya wima, ya pili ni ya mlalo.

Nuru ya mshazari wa nyuzi 45 ni hii:
mstari wa juu: 1/2, 1/2
mstari wa chini: 1/2, 1/2

Nuru ya mshumaa ni hii:
mstari wa juu: 1/2, 0
mstari wa chini: 0, 1/2

Namba ya juu kushoto na ya chini kulia hueleza uwezekano wa kujibu "wima" na wa kujibu "mlalo". Katika matriki zote mbili namba hizo ni 1/2, ndiyo maana kichujio cha wima hakikuweza kuzitofautisha. Tofauti imo katika namba mbili zilizobaki.

Sasa zidisha kila matriki kwa yenyewe, kisha ujumlishe namba ya juu kushoto na ya chini kulia. Ya mshazari inarudi vile vile ilivyokuwa, na jumla ni 1. Ya mshumaa inatoa 1/4 na 1/4, na jumla ni 1/2. Jumla hiyo ndiyo kipimo cha usafi. Ikiwa ni 1, hali ni safi. Ikipungua 1, hali ni mchanganyiko. Kwa kitu chenye majibu mawili tu, kama fotoni yetu, haiwezi kushuka chini ya 1/2. Mshumaa basi umechanganyika kwa kadiri iwezekanavyo.

FOTONI MBILI

Sasa tumefika penye swali la yule msichana. Wataalamu hupitisha nuru ya leza katika fuwele maalumu, na mara chache fotoni moja hugeuka kuwa mbili zenye nishati ndogo zaidi. Pea hizo zaweza kutengenezwa zikiwa zimefungamana. Tuseme Asha anapokea fotoni moja ya kila pea na Neema anapokea ya pili, kila mtu akiwa na kichujio chake na daftari lake.

Asha aweke kichujio kwa pembe yo yote, ataona nusu zinapita na nusu hazipiti, bila utaratibu wo wote. Kwake yeye fotoni zake ni kama za mshumaa. Neema naye ataona vivyo hivyo. Lakini wakikutana na kulinganisha madaftari, kila mara walipotumia pembe moja wataona majibu yamelingana: ya Asha ikipita, ya Neema imepita, ya Asha ikizuiwa, ya Neema imezuiwa. Ikiwa ni wima, yamelingana. Ikiwa ni nyuzi 45, yamelingana. Ikiwa ni nyuzi 17, pia yamelingana.

Angalia sasa ndala zangu. Pea za fotoni zilizotengenezwa kwa mfano wa ndala zingekuwa hivi: nusu ya pea zote mbili ni za wima, na nusu zote mbili ni za mlalo, ila sisi hatujui ipi ni ipi. Vichujio vikiwa wima, majibu yatalingana kila mara, sawasawa na fotoni zilizofungamana. Lakini vizungushwe vyote nyuzi 45, na kila fotoni itapita au kuzuiwa kwa bahati yake yenyewe, bila kumjali mwenzake; majibu yatalingana mara moja katika kila mbili tu. Kosa langu la mshumaa nililirudia hapa kwa sura nyingine: niliuliza swali moja nikadhani nimekwisha.

Kwa hesabu, matriki ya pea ina mistari minne na safu nne. Ya fotoni zilizofungamana ina 1/2 katika pembe zake zote nne, na sifuri penginepo. Zidisha kwa yenyewe: inarudi vile vile, na kipimo cha usafi ni 1. Pea ni safi kabisa. Ya ndala ina 1/2 juu kushoto na chini kulia tu, na kipimo chake ni 1/2. Lakini ukiondoa habari za Neema ubaki na za Asha peke yake, katika hali zote mbili unapata ile matriki ya mshumaa, yenye usafi wa 1/2.

Hili ndilo jambo ninalotaka kila msomaji alishike. Katika mambo ya kila siku, mwenye kujua kitu kizima amejua na sehemu zake. Mama akitazama alipokuwa akifunga mafurushi, anajua yote: ya kushoto Mwanza, ya kulia Mtwara. Hawezi kuijua pea kikamilifu huku akiwa hajui lo lote la ndala moja. Katika fotoni zilizofungamana hivyo ndivyo ilivyo. Pea inajulikana kikamilifu, hapana neno lililobaki la kuongeza. Na sehemu yake kila moja haijulikani kabisa. Erwin Schrödinger alilieleza jambo hili mwaka 1935, naye ndiye aliyelipa jina la kufungamana.

JE, HAKUNA BARUA ILIYOFICHWA?

Mtu mwenye akili atauliza: huenda kila fotoni imebeba barua ndani yake, yenye majibu ya maswali yote, nasi hatujaisoma tu? Mwaka huo huo wa 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen waliandika kwamba maelezo haya ya fotoni hayajatimia. Yalikuwa mawazo ya watu wakubwa, wala si ya kudharauliwa. Aliyetafuta njia ya kuyapima ni John Bell, mzaliwa wa Belfast, mwaka 1964. Hoja yake nitaieleza kwa namna nyepesi.

Asha na Neema watumie pembe tatu tu: 0, 60 na 120. Kama barua ipo, ina majibu matatu, na kila jibu ni "napita" au "sipiti". Kwa kuwa pembe zikiwa sawa majibu hulingana siku zote, barua za fotoni mbili za pea moja hazina budi kuwa na maneno yale yale. Sasa, majibu ni matatu na aina zake ni mbili. Lazima angalau majibu mawili yafanane. Basi Asha na Neema wakichagua pembe tofauti kwa kubahatisha, majibu yao hayana budi kulingana angalau mara 1 katika 3.

Fotoni zilizofungamana hazifanyi hivyo. Kanuni yake ni kosaini ya tofauti ya pembe, ikizidishwa kwa yenyewe. Kosaini ya nyuzi 60 ni 1/2, kwa hiyo majibu hulingana mara 1 katika 4. Robo ni ndogo kuliko theluthi. Barua haipo, ama, kama ipo, ni lazima fotoni moja ipate habari papo hapo za swali aliloulizwa mwenzake aliye mbali.

Majaribio yenyewe yalitumia pembe nyingine na hesabu ndefu zaidi, lakini hoja ni hiyo. Stuart Freedman na John Clauser walilifanya Berkeley, Marekani, mwaka 1972. Alain Aspect na wenzake wakalifanya kwa uangalifu zaidi Orsay, Ufaransa, mwaka 1982. Mwaka 2015, huko Delft, Uholanzi, mianya mikubwa iliyosalia iliweza kuzibwa kwa pamoja katika jaribio la elektroni zilizokuwa ndani ya almasi mbili, umbali wa kilomita 1.3. Mwaka 2017 wataalamu wa China walipeleka fotoni zilizofungamana kutoka setilaiti mpaka vituo viwili vilivyotengana kwa kilomita 1,200 hivi. Kila mara jibu lilikuwa upande wa fotoni, si upande wa barua. Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

La kwanza, mtu asidhani kwamba Asha aweza kumpelekea Neema salamu kwa njia hii. Afanye Asha afanyavyo, azungushe kichujio au akitupe, Neema ataona nusu kwa nusu tu, kwa sababu fotoni zake zimo katika hali mchanganyiko siku zote. Kulingana kwa majibu huonekana pale tu madaftari yanapoletwa pamoja, nayo madaftari husafiri kwa basi, au kwa simu, kwa mwendo usiopita ule wa nuru.

La pili, usafi ni kitu cha kupotea upesi. Fotoni au atomi ikigusana na hewa au na kuta za chombo, hufungamana navyo. Na kwa kuwa sisi hatuwezi kuweka hesabu ya hewa yote, sehemu tuliyobaki nayo huwa mchanganyiko. Hiyo ni sababu kubwa ya kutoziona ajabu hizi katika ndala na viti. Wazazi wakiuliza elimu hii yafaa nini, jibu moja ni hili: wanaojenga kompyuta za kwanta hutumia juhudi nyingi kuulinda usafi huo usipotee kabla hesabu haijaisha.

Nilipomrudia Mwalimu na haya, aliniuliza swali moja tu: "Na madaftari ya watoto?" Ndiyo sababu ya makala hii. Nilikwenda kwanza kwa yule msichana aliyeniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake, akasema, "Dada, kumbe fotoni yenyewe nayo haijui?" Nikamjibu kwamba kadiri majaribio yanavyoonyesha, fotoni peke yake haina cha kujua, kinachojulikana ni cha pea. Akachora mstari juu ya ndala zangu, lakini hakuzifuta kabisa. Alisema anataka kukumbuka kosa lilikuwa wapi. Nawaomba na wengine wafanye hivyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nuru fulani ina fotoni za wima 3/4 na za mlalo 1/4, zimechanganywa tu. Andika matriki yake, kisha utafute kipimo chake cha usafi.

2. Matriki ya nuru ya nyuzi 135 ina 1/2 na -1/2 juu, -1/2 na 1/2 chini. Mtu amechanganya fotoni za nyuzi 45 na za nyuzi 135 kwa kiasi sawa. Tafuta wastani wa matriki hizo mbili. Je, kichujio chaweza kuitofautisha nuru hiyo na ya mshumaa?

3. Andika barua zote nane za majibu matatu. Kwa kila barua, hesabu ni jozi ngapi za pembe tofauti zina majibu yanayolingana. Ipo hata moja isiyo na jozi ya namna hiyo?

Miwani na kikokotoo vimo katika kabati la Klabu, rafu ya pili. Mshumaa kila mtu aje na wake.